Namba Kumi na Sita

Zamani serikali ilikuwa na uzito.
Ilikuja Jumanne kwa lori la mchapaji,
maboksi yamefungwa kamba za katani,
na Gudrun Thorlakson, msichana wakati huo,
aliyapasua kwa kisu cha jikoni
akaitia kila ripoti chapa
kama mfugaji na ndama wake.

Siku hizi serikali haibishi hodi.
Inaweka waraka kwenye tovuti Ijumaa usiku
na kuuondoa kabla theluji haijayeyuka.
Hakuna lori. Hakuna risiti.
Uchaguzi ukipita, wizara inapewa jina jipya
na viungo vyote vinamwagika,
kama shanga, uzi ukikatika.

Tuko wawili, ghorofa ya chini kabisa, Winnipeg,
chumba chenye bomba la mvuke linalokohoa.
Kila Jumatatu tunapita mlango kwa mlango:
Kilimo, Barabara, Maji, Misitu,
mna nini kipya?
Mashine hazidanganyi.
Hunyamaza tu.

Gudrun hatafuti kilichopo. Anahesabu mapengo.
"Kumi na nne," anasoma, "kumi na tano, kumi na saba,"
kwa sauti ya mwalimu aliyerudi na basi la ziara
akakuta kiti kimoja kitupu.

Tukaandika. Wizara ikajibu kwa adabu:
hapajawahi kuwa na kumi na sita.
Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta.
"Hawa wote," alisema, "wamesoma. Kuhesabu wanajua."

Siku tisa.
Tuliikuta kwenye tanbihi,
herufi ndogo kama mayai ya chawa,
ukurasa wa arobaini wa ripoti nyingine, ya samadi ya nguruwe:
anwani ndefu iliyojaa alama za asilimia,
ukiibonyeza inakuomba radhi,
ukurasa unaoutafuta haupo.
Lakini roboti yetu, ile tunayoiamsha kila Machi,
ilikuwa imepita pale miaka sita nyuma
ikaokota kila kitu bila kuchagua,
kama mtoto na kokoto.

Kurasa kumi na moja. Mimi nilitarajia kashfa.
Lilikuwa jedwali la visima.
Namba, kina, tarehe, kiasi cha naitreti.
Nikasema, hiki tu?
Gudrun hakujibu. Alikuwa anaichukua alama ya kidole,
ule mstari mrefu wa herufi na tarakimu
unaobadilika wote mtu akigusa hata nukta;
kisha nakala tatu, moja hapa, moja Brandon,
moja ng'ambo ya milima,
mto wetu ukifurika usiifikie.

Mali bila daftari hupotea bila habari:
hilo nilifunzwa nyumbani.
Sikufunzwa, daftari nalo likipotea,
habari ataileta nani.

Mwezi Mei simu ikalia.
Bwana Abram Dyck, mkulima, upande wa Altona,
sauti ya mtu asiyependa kusumbua watu.
Wizarani alikuwa ameuliza mara tatu.
Nikamsomea: kisima mia mbili na kumi na mbili,
futi tisini, Oktoba,
na ile tarakimu ya mwisho,
mara mbili ya inayoruhusiwa.

Kimya. Nikasikia kuku, au bawaba ya mlango.
"Mke wangu," alisema, "alikuwa akimnunulia mjukuu
maji ya dukani. Kila wiki.
Nilimwambia anachezea pesa."
Kisha akaniomba nirudie tarehe, polepole,
anatafuta kalamu inayoandika.

Nikairudia. Nyuma yangu
Gudrun alikuwa ameshaingia Misitu,
midomo ikicheza bila sauti,
ishirini na moja, ishirini na mbili,
na kidole chake kikasimama hewani.